Wayaringi mpya nyumba ya zamani Leicester: fundi wetu hajasajiliwa, cheti tutakipataje?

MamaNuru_LE

Habari za saa hizi wakuu. Tumenunua nyumba ya matofali ya miaka ya 1930 hapa Leicester, vyumba vitatu vya kulala. Wayaringi ni zile kebo za zamani za mpira. Ukifungua boksi la taa na kugusa waya, mpira unapukutika mkononi. Tumeamua kung'oa zote na kuweka mpya, kuanzia boksi la breka hadi soketi ya mwisho, kabla ya plasta na rangi.

Shemeji yangu ni fundi umeme. Amesoma VETA, na hapa Uingereza amefanya kazi kwenye kampuni za ujenzi na ana kadi ya dhahabu ya JIB. Uwezo wake hatuna shaka nao. Ila yeye binafsi hajasajiliwa NICEIC wala NAPIT, zile skimu zinazosajili mafundi umeme. Sasa nauliza:

Je, sheria inamruhusu kutufanyia kazi hii? Kuna fundi mwingine mwenye usajili amesema shemeji afanye kila kitu, yeye atakuja siku ya mwisho apime na kutia sahihi kwa bei ya kirafiki. Hilo linakubalika? Tukija kuuza nyumba, mnunuzi ataulizia karatasi zipi? Halafu mwenye nyumba wa awali alibadilisha boksi la breka 2019 na hakuna cheti chochote. Litatuletea taabu?

Mkaguzi_Umeme

Karibu dada. Naanza na swali la pili maana ndilo litakalowagharimu: hapana, msikubali mpango huo hata kama fundi huyo ni mtu mwema.

Sheria yenyewe ni Part P ya Kanuni za Ujenzi za England, iliyoanza kutumika 1 Januari 2005. Haisemi popote kwamba anayefunga umeme lazima awe amesajiliwa. Inataka kazi isanifiwe na kufungwa kwa namna inayowakinga watu na moto na majeraha, na kanuni zinataka kazi za aina fulani zitolewe taarifa. Tangu Aprili 2013 orodha ya kazi hizo kwa England ni fupi: saketi mpya, kubadilisha boksi la breka, na nyongeza au badiliko la saketi katika eneo la karibu na bafu au shawa (kuanzia sakafuni hadi mita 2.25 kwenda juu, na mita 0.6 kutoka ukingo wa bafu). Kuongeza soketi sebuleni kwenye saketi iliyopo hakumo. Wayaringi ya nyumba nzima imo, tena kwa vigezo vyote vitatu.

Kwa hiyo shemeji anaruhusiwa kufanya kazi. Kadi ya JIB inathibitisha ujuzi wake, lakini haimpi mamlaka ya kujithibitishia kazi mbele ya halmashauri. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wengi huyachanganya.

Njia za halali ni hizi. Ya kwanza, kazi inafanywa na kampuni iliyosajiliwa kwenye skimu. Ikimaliza inajaza cheti cha ufungaji umeme (EIC), inaitaarifu skimu, na ndani ya siku 30 taarifa inafika idara ya udhibiti wa ujenzi (Building Control) ya halmashauri na nyinyi mnapata cheti cha kutii Kanuni za Ujenzi. Ya pili ni mthibitishaji wa tatu: mtu au kampuni yenye usajili maalumu wa kukagua kazi za wengine. Huyo anateuliwa KABLA kazi haijaanza, anakuja wakati kebo ziko wazi na tena mwishoni. Fundi wenu anatakiwa kumpa taarifa ndani ya siku 5 baada ya kumaliza. Akiridhika, anatoa ripoti ya hali ya umeme (EICR), kisha ndani ya siku 30 anapeleka cheti kwenu na Building Control. Ya tatu ni kwenda Building Control moja kwa moja: mnapeleka taarifa ya ujenzi na ada kabla ya kuanza, wao wanaamua kiasi cha ukaguzi na upimaji unaohitajika, na wanaweza kumtuma mtaalamu wao.

Sasa kwa nini "atatia sahihi mwishoni" haiwezekani. EIC ina matamko matatu: usanifu, ufungaji, na ukaguzi pamoja na upimaji. Anayetia sahihi kwenye ufungaji anatamka kwamba kazi ile aliifanya au aliisimamia yeye. Akija plasta imeshakauka, kebo iliyopita kwa mshazari nyuma ya kabati la jikoni hawezi kuiona, na mita ya kupimia haiwezi kumwonyesha. Mita itasema kebo ni nzima leo. Haitasema imepita mahali ambapo mtu atatoboa mwezi ujao atundike rafu. Zaidi ya hapo, usajili wa kawaida unamruhusu kuthibitisha kazi ya kampuni yake tu. Skimu ikigundua inaweza kumfuta, na karatasi yenu itabaki na tamko la uongo.

Kama mnamwamini huyo mwenye usajili, mgeuzieni mpango: kazi iwe ya kampuni yake tangu siku ya kwanza. Mkataba uwe kati yenu na yeye, shemeji afanye chini ya usimamizi wake, mchoro wa saketi waukubali pamoja, aje kukagua kabla ya plasta, apime mwenyewe. Atawatoza zaidi ya ile bei ya kirafiki, na ana haki, kwa sababu hapo anabeba dhamana kweli.

Boksi la 2019: kwa kuwa linang'olewa lote, EIC mpya itafunika mitambo yote na hamna haja ya kulihalalisha. Lingekuwa linabaki, mngeomba cheti cha urekebishaji kutoka halmashauri, ambacho hutolewa kwa kazi iliyofanywa bila taarifa. Hiyo ni ada nyingine, na mkaguzi anaweza kutaka sehemu zifunguliwe aone.

Fundi_Saketi

Mkaguzi amemaliza upande wa sheria. Mimi nazungumzia kazi yenyewe, maana njia ya pili na ya tatu zote zinasimama juu ya yale mkaguzi atakayoyaona ukutani na atakayoyasoma kwenye mita.

Kwanza fyuzi kuu. Ile fyuzi na boksi lake ni mali ya kampuni ya mtandao, ambayo kwa Leicester ni National Grid Electricity Distribution. Lakiri yake isikatwe na shemeji wala mtu mwingine yeyote kwenu. Ombeni mapema kampuni mnayolipia umeme iwafungie swichi ya kukatia kati ya mita na boksi la breka. Ikishafungwa, shemeji atakuwa anazima na kufanya kazi bila kumsubiri mtu. Hapo hapo ulizeni aina ya ethi (njia ya ardhini) mliyo nayo. Nyumba za umri huo mara nyingi ethi yake inashikwa kwenye ganda la risasi la kebo inayotoka barabarani (TN-S). Kibano chake kikiwa kimeliwa na kutu ni kazi ya kampuni ya mtandao kukirekebisha. Msijiungie wenyewe kwenye ganda hilo, ni laini na ukilibana vibaya unaweza kuumiza kebo yenye moto.

Waya wa ethi kutoka boksi la mtandao hadi boksi la breka uwe 16 mm², na waya wa kuunganisha mabomba 10 mm². Kwenye gesi kibano kiwe ndani ya milimita 600 kutoka mita, upande wenu, kabla ya bomba kugawanyika. Kwenye maji kiwe karibu na bomba linapoingia ndani. Kama bomba la maji linaloingia ni la plastiki na la ndani ni la shaba, shemeji apime kwanza kabla ya kufunga kibano, huenda hakihitajiki.

Ukutani: kebo iliyofichwa chini ya milimita 50 lazima ipande au ishuke wima, au iende mlalo, kutoka kwenye soketi au swichi inayoonekana. Nje ya hapo inaruhusiwa ndani ya milimita 150 kutoka dari au kutoka kona ya kuta mbili. Kukata njia ya mkato kwa mshazari ndilo kosa linaloangusha kazi nyingi wakati wa ukaguzi wa kwanza. Na msitindue ukuta kupita kiasi: mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa milimita 100 hiyo ni takriban 33 na 16, kwa hiyo boksi la soketi la kina cha milimita 35 linazidi kidogo hata ile ruhusa ya wima. Msiweke maboksi mawili mgongo kwa mgongo pande mbili za ukuta mmoja.

Kwenye maboriti ya sakafu tobo lipite katikati ya kimo cha boriti, angalau milimita 50 chini ya uso wa juu ili msumari wa mbao za sakafu usifike. Kipenyo kisizidi robo ya kimo cha boriti. Tobo likae kati ya 0.25 na 0.4 ya urefu wa boriti kutoka kwenye egemeo lake, si karibu na ukuta wala katikati kabisa. Darini na kwenye njia za kutokea, kebo zishikwe kwa klipu za chuma, za plastiki pekee hazitoshi: moto ukiziyeyusha kebo zinaning'inia na kuwanasa wazima moto.

Boksi la breka liwe la chuma, na kila saketi iwe na RCBO yake (breka inayokata pia umeme ukivuja) ya milliampea 30, aina A. Aina AC siku hizi haifai kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani vyenye elektroniki. SPD (kinga ya volti za ghafla) ifungwe pia. Ringi ya soketi (kebo inayozunguka soketi na kurudi kwenye boksi la breka) ni kebo ya 2.5 mm² kwenye breka ya ampea 32, isiyohudumia zaidi ya mita za mraba 100. Wekeni ya juu, ya chini na ya jikoni peke yake. Taa 1.5 au 1.0 mm² kwenye ampea 6. Jiko 6 mm² kwenye 32. Shawa ya umeme, kama mnayo, 10 mm² kwenye 40, lakini isomeni kwanza nguvu yake.

Sasa vipimo. Umeme ukiwa umezimwa, shemeji apime mwendelezo wa ethi, kisha ringi ncha kwa ncha. Mfano wa namba zinazoeleweka: laivu 0.60 Ω, nyutro 0.60 Ω, ethi 0.98 Ω (ethi ya kebo hii ni nyembamba, 1.5 mm², ndiyo maana inasoma takriban mara 1.63). Ukijumlisha laivu na ethi na kugawa kwa 4 unapata karibu 0.40 Ω, na ndicho kila soketi inachotakiwa kusoma ukishavusha waya kwenye boksi la breka (laivu ya ncha moja na ethi ya ncha nyingine). Soketi moja ikisoma juu zaidi, hiyo ipo kwenye tawi au skrubu yake imelegea. Nyutro ikisoma tofauti na laivu wakati kebo ni ile ile, kuna muungo mbovu mahali. Rudi utafute sasa, usingoje moto uwashwe.

Baadaye mega (kipimo cha uzima wa ganda la waya): volti 500 za DC. Kiwango cha chini ni megaohm 1, lakini wayaringi mpya ikisoma megaohm 2 mimi siipokei hata kama kitabu kinaipitisha. Kebo mpya husoma mamia. Megaohm 2 maana yake msumari umegusa, au plasta mbichi imeingia kwenye boksi, au kuna kifaa kimesahaulika. Kabla ya kupima chomoeni SPD, dima, taa za LED na soketi zenye USB. Zikiachwa zinashusha kipimo, na volti 500 zinaweza kuziua.

Ukiwasha: polariti (laivu na nyutro hazijabadilishana), Ze (ukinzani wa njia ya ethi nje ya nyumba), halafu Zs (Ze pamoja na njia ya saketi yenyewe) ya kila saketi. Breka ya B32 inaruhusu hadi 1.37 Ω kwenye jedwali, lakini hiyo ni kwa kebo iliyopata moto wa kazi. Kwa kebo iliyo baridi chukua asilimia 80, yaani 1.10 Ω. Kwa mfano wetu, Ze ya 0.20 ukijumlisha 0.40 ni 0.60. Safi. RCBO ya milliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300 kwa mkondo wake kamili.

Ngazi ndipo panapowasumbua wengi. Taa ya juu ya ngazi inaendeshwa na swichi mbili, moja chini na moja juu, na fundi wa zamani alikuwa akichukua laivu ya saketi ya chini na nyutro ya saketi ya juu. Ukifuata njia ile ile kwa kebo mpya, RCBO zote mbili zitakata kila mtu akiwasha taa. Saketi moja ibebe taa ile yote.

Hati_Mkononi

Kuhusu kuuza. Wakili wenu atawapa mjaze fomu ya maelezo ya nyumba (TA6), ambayo hupelekwa kwa wakili wa mnunuzi, na humo kuna swali la moja kwa moja: je, kuna kazi ya umeme iliyofanywa tangu 1 Januari 2005, na vyeti viko wapi? Mnatakiwa mjibu kweli. Kwa hili la 2019 mtaandika kwamba boksi lilibadilishwa na mwenye nyumba wa awali, cheti hakuna, na mitambo yote imeondolewa na kubadilishwa. Kisha mnaambatanisha karatasi za kazi mpya.

Karatasi ni mbili na si moja, hapo watu wengi hukwama. EIC, pamoja na jedwali la ukaguzi na jedwali la vipimo vya kila saketi, inatoka kwa fundi na inazungumzia ubora kwa kipimo cha BS 7671, kiwango cha Uingereza cha ufungaji umeme. Cheti cha kutii Kanuni za Ujenzi kinasema taarifa imefika serikalini. Ukimwajiri aliyesajiliwa na siku 30 zikapita bila cheti cha pili kufika, mpigie, kisha ipigie skimu yake. Uanachama wake mhakikishe kabla ya kumlipa malipo ya awali, kwenye rejista ya mtandaoni ya Registered Competent Person Electrical, kwa jina la kampuni. Nembo kwenye gari si ushahidi.

EICR ya kawaida mtu akija kuwafanyia baadaye haichukui nafasi ya hizo. Inaeleza hali ya mitambo siku ile tu. Ile ya mthibitishaji wa tatu ni tofauti kwa sababu amefuatilia kazi tangu mwanzo na inakuja na cheti cha kutii kanuni.

Mkija kuipangisha nyumba badala ya kuiuza, England inataka mitambo ikaguliwe angalau kila miaka 5 na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Kwa mnaoishi wenyewe, pendekezo la kawaida baada ya wayaringi mpya ni miaka 10.

Mswahili_Glasgow

Nyongeza fupi kwa wasomaji wengine: haya yote ni ya England. Wales nao wana Part P ila hawakufupisha orodha 2013, kwa hiyo kazi nyingi za jikoni bado zinatolewa taarifa. Scotland ina mfumo wake wa vibali vya ujenzi, na Ireland ya Kaskazini haina Part P. BS 7671 lakini ni moja kwetu sote.

MamaNuru_LE

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Tumezungumza nyumbani na tunaelekea njia ya tatu, halmashauri. Shemeji ana mita yake ya kupimia. Je, anaweza kujaza EIC yeye mwenyewe, au akisha kupeleka taarifa anaacha upimaji wote kwa mtu wa halmashauri? Na plasta tuipige lini?

Mkaguzi_Umeme

Anaweza kujaza, na nashauri ajaze. Aliyesanifu, aliyefunga na aliyepima wanaweza kuwa mtu mmoja, mradi ana uwezo wa kupima na kutafsiri majibu. Fomu za mfano zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya IET, taasisi ya wahandisi. Building Control wanaruhusiwa kuizingatia EIC yake wanapoamua ni ukaguzi gani zaidi unahitajika, na hilo linaweza kupunguza ada. Kwa hiyo mnapoomba, andikeni wazi kwamba fundi ana sifa za kukagua na kupima, ambatanisheni nakala za vyeti vyake vya Uingereza pamoja na hati ya kalibresheni ya mita. Mita isiyo na kalibresheni ya karibuni itawapa sababu ya kupima upya kila kitu kwa gharama yenu. Halmashauri nyingine hazikubali vyeti vya asiyesajiliwa na zinamtuma mtu wao moja kwa moja. Ulizeni hilo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Plasta isubiri. Kebo zikishalazwa na maboksi yamekaa, soketi na swichi bado, pigeni simu waje kuona. Shemeji apige mega hatua hiyo pia, kabla ya kufunika, aandike namba; msumari uliotoboa kebo unatolewa kwa dakika chache ukuta ukiwa wazi. Pigeni picha za kila ukuta na kila sakafu, futi ya kupimia ikionekana kutoka kona ya chumba, na ziwekeni faili moja na mchoro wa saketi.

Baada ya mkaguzi kuondoka na kuwapa ruhusa kwa maandishi, hata kwa barua pepe, ndipo mwiteni fundi wa plasta. Mwisho wa kazi shemeji anapeleka EIC na majedwali, halmashauri inawatumia cheti cha kukamilika. Wasipokileta, wakumbusheni: faili nyingi hubaki wazi miaka kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kazi imeisha.

Fundi_Saketi

Kimoja cha kuongeza hapo: siku ya ukaguzi wa kwanza, acheni mbao mbili tatu za sakafu zikiwa zimenyanyuliwa kila chumba cha juu, hasa pale kebo zinapovuka maboriti. Pia gromiti za mpira ziwe tayari kwenye kila tundu la boksi la chuma, na ethi zivishwe soksi ya kijani na njano tangu hatua hiyo, kabla ya soketi kufungwa.